Nyuma ya Barovia kuna nini hasa? Natunga kijiji cha kutisha, nahitaji mambo ya kweli

mwendesha_meza

Wadau, salaam.

Naandaa kampeni fupi ya kutisha ya mchezo wa kuigiza wa mezani, itakayochezwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho: vikao 6 vya saa 3, wachezaji 5, kanuni za Dungeons & Dragons toleo la tano. Sitaki kuichukua Barovia ilivyo. Nataka kijiji kimoja na bonde lake, kiwe na ubaridi uleule, ila kisimame juu ya mambo yaliyotokea kweli. Ninachojua ni kwamba Barovia, bonde la vampaya Strahd von Zarovich na ngome yake, ilianza na mchezo wa Ravenloft wa Tracy na Laura Hickman mwaka 1983, na kwamba nyuma yake iko Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897. Zaidi ya hapo naona ngome, mbwamwitu na ukungu, vitu ambavyo wachezaji wangu wameshavizoea.

Nauliza: kuna tukio gani halisi lenye maelezo ya kutosha kubeba vikao 6? Wale Vistani, wasafiri wapiga ramli wa Barovia, niwafanyeje, maana nasikia wana kasoro? Na huyu vampaya tumwite nani kwa Kiswahili?

---

kaburi_la_pili

Mkuu, anza kwa kuihama Transilvania ya Dracula. Stoker hakuwahi kufika huko. Alisoma vitabu, na jina Dracula alilikuta mjini Whitby, Uingereza, mwaka 1890 ndani ya kitabu cha William Wilkinson. Ukimwiga yeye unaiga maktaba ya Kiingereza. Matukio ya vampaya yenye tarehe, mashahidi na sahihi yako Serbia, kati ya 1725 na 1732.

Sababu ni mpaka. Mwaka 1718, kwa mkataba wa Passarowitz, Waturuki waliiachia dola ya Habsburg (Austria) eneo la kaskazini mwa Serbia. Vijiji vya Waorthodoksi ambavyo tangu zamani vilikuwa na namna yao ya kushughulika na maiti wasumbufu vikajikuta chini ya maofisa wa Kijerumani wenye desturi ya kuandika kila kitu. Kufukua makaburi hakukuwa jambo geni. Kilichoongezeka ni mtu wa kuandika ripoti na kuipeleka Belgrade, kisha Vienna.

Kisiljevo, 1725. Anafariki Petar Blagojević, ambaye nyaraka za Kijerumani humwita Plogojowitz. Wiki 10 baadaye watu 9 wanakufa ndani ya siku 8, kila mmoja akiugua saa 24 hivi, na wote wanasema kabla ya kukata roho kwamba Petar aliwajia usingizini akawakaba. Mkewe anasema alimjia akidai opanci zake, yaani viatu vyake vya ngozi. Mama huyo akahama kijiji. Wanakijiji wanamwendea Frombald, ofisa wa wilaya, wanamtaka aje na kasisi lifunguliwe kaburi mbele yao. Anawaambia lazima kwanza wakuu wa Belgrade waarifiwe. Wanamjibu kwamba enzi za Waturuki kijiji kizima kiliwahi kuangamia hivyohivyo, na wasiporuhusiwa watahama wote. Akaenda. Ripoti yake inaishia kwa kuomba kwamba ikiwa kuna kosa, lisihesabiwe kwake bali kwa umati uliopagawa kwa hofu.

Hivyo viatu ndivyo vya kuanzia kampeni yako. Kikao cha kwanza, mjane anawaletea wachezaji jozi ya viatu iliyokauka matope na kuwauliza kama inafaa irudishwe kaburini. Huhitaji radi wala popo.

Medveđa, 1731 hadi 1732, ndiyo kesi nene zaidi. Miaka mitano hivi nyuma, hajduk mmoja (mwanamgambo wa mpakani), Arnaut Pavle, alianguka kutoka juu ya gari la nyasi kavu akavunjika shingo. Enzi za uhai wake alisimulia kwamba alisumbuliwa na vampaya upande wa Kosovo, akajitibu kwa kula udongo wa kaburi lake na kujipaka damu yake. Baada ya kifo chake watu wanne wakafa, naye akafukuliwa siku ya 40, akachomwa kigingi na kuteketezwa. Majira ya baridi ya 1731 vifo vikaanza tena: watu 17 ndani ya miezi mitatu. Tarehe 12 Desemba alifika daktari wa magonjwa ya kuambukiza, Glaser. Hakuona tauni. Alichokiona ni familia zikijikusanya usiku nyumba mbili tatu pamoja, wengine wakilala wengine wakikesha kwa zamu, na wote wakisema watahama. Tarehe 7 Januari 1732 akaja daktari wa jeshi, Johann Flückinger, pamoja na maofisa. Makaburi yakafunguliwa moja baada ya jingine, na ripoti ikatiwa sahihi tarehe 26 Januari.

Hesabu siku hizo. Kati ya Glaser na Flückinger ni siku 26 za kijiji kungoja jibu huku watu wakikesha. Huo ndio mwendo wa kampeni yako.

Sasa ujenzi. Chukua kaya 40, lakini andika kwa majina kaya 12 tu, na chora nani kaoa kwa nani. Vampaya wa ripoti hizi huanza na watu wake: mke, mtoto, jirani. Bila mchoro wa undugu wachezaji hawana cha kuchunguza. Weka watu watano wa kuzungumza: mkuu wa kijiji, kasisi, mjane, ofisa anayeogopa wakubwa wake, na fundi wa chuma.

Saa ya kampeni iwe arobaini. Waorthodoksi humkumbuka marehemu siku ya 3, ya 9 na ya 40, na hupika koliva, ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari au asali na karanga za aina mbalimbali. Hapa Kiswahili kinakubeba: hakuna mchezaji wako asiyejua arobaini ni nini. Kikao cha kwanza kiwe siku ya 9, cha mwisho siku ya 40.

Kisha kipimo cha Hofu, 0 hadi 10, kikianza na 2. Kifo kipya kinaongeza 2. Mazishi yasiyo na kasisi yanaongeza 1. Usiku ambao wachezaji wamekesha pamoja na wanakijiji unapunguza 1. Hofu ikifika 5, familia zinahamia nyumba mbili tatu na nyumba nyingine zinabaki tupu usiku. Ikifika 7, wanafukua bila kumngoja mtu. Ikifika 10, wanafunga mizigo, na mchezo unaishia kwenye kijiji kitupu. Panga vifo 4. Kwa hesabu hiyo wachezaji wakikaa tu watapoteza kijiji kabla ya kikao cha sita.

Kinachoharibika mara nyingi: kikao cha kwanza wachezaji wanataka kuchoma makaburi yote. Usiwakatalie, wape hesabu ya kuni. Kuteketeza maiti moja juu ya kuni za wazi hula kilo 400 hadi 500, na ni Januari. Kila maiti inayochomwa ni nyumba fulani isiyo na moto wiki hizo. Waulize ni nyumba ya nani.

---

bi_makaburi

Kaburi_la_pili kasema vizuri, naongeza upande wa maiti yenyewe, maana hapo ndipo waendeshaji wengi huteleza. Wanamfanya aliyefukuliwa kuwa mweupe, mwembamba, mzuri wa sura. Ripoti zinasema kinyume chake: kavimba, mwekundu au mweusi usoni, damu mdomoni. Mtu aliyeonekana kanenepa kaburini kuliko alivyokuwa hai.

Na kila walichokiona kina maelezo. Bakteria wa tumboni hutoa gesi, tumbo linajaa, ndipo watu husema "ameshiba". Gesi hiyo husukuma majimaji meusi kutoka mapafuni hadi puani na mdomoni, nayo huonekana kama damu mbichi. Ngozi ya juu huvuka yote kama soksi, kucha zikiwemo, na chini yake kunabaki ngozi laini yenye wekundu. Hizo ndizo "ngozi mpya na kucha mpya" za ripoti. Ndevu hazikui, ni ngozi ya kidevu iliyokauka na kurudi nyuma. Ukichoma kigingi kifuani, hewa iliyobanwa hupita kooni na maiti hutoa sauti. Walioshuhudia Pavle akiguna hawakusema uongo.

Kasi ya kuoza ina kanuni ya zamani ya daktari Casper wa Berlin: wiki 1 hewani ni sawa na wiki 2 majini na wiki 8 ardhini. Ongeza baridi, kwa sababu chini ya nyuzi 4 za Selsiasi bakteria karibu wanasimama. Maiti ya wiki 7 kwenye udongo wa Januari inaweza kutoka ikiwa nzima kabisa. Tatizo la Medveđa ni kwamba wapo wengine waliokutwa wameoza ingawa udongo ulikuwa uleule, na kijiji kikaona hiyo ndiyo hukumu: huyu ndiye, yule siye.

Kwa hiyo andaa kadi moja kwa kila kaburi, yenye mambo manne: kina cha shimo, wiki ngapi chini, unene wa marehemu, na kilichomuua. Mwenye ujuzi wa tiba akipata 10 kwenye dadu anaelewa kuvimba. Akipata 15 anaelewa damu ya mdomoni. Halafu acha kaburi moja, moja tu, ambalo kadi yake haikubaliani na kanuni: shimo fupi, marehemu mnene, kafa kabla ya baridi kuanza, wiki 14, na bado mzima. Wachezaji waliokwisha kujifunza kusoma makaburi matatu ya kawaida watasimama wenyewe hapo. Hutalazimika kuwaambia waogope.

Ukitaka mhusika anayepinga yote, tumia mfano wa Gerard van Swieten, daktari wa Maria Theresa. Mwaka 1755 aliandika kwamba mambo haya ni ujinga na hofu, na malkia akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti bila idhini ya serikali. Mtu wa aina hiyo ni mzuri sana mezani kwa sababu ana haki kwa makaburi yote isipokuwa lile moja.

---

mwendesha_meza

Asanteni sana, nimeshaanza kuchora undugu wa kaya 12. Bado sijui la kufanya na Vistani, na je, mwenye ngome namtoa kabisa? Wachezaji watauliza ngome.

---

shokoa104

Usimtoe, ila ujue anatoka mahali pengine. Vijiji vya Serbia vya mpakani havikuwa na mwinyi wa ngome kama Strahd. Mwenye ngome ni mtu wa upande wa Hungaria, kwa hiyo lipeleke bonde lako kaskazini mwa Danube au kubali kwa makusudi kwamba unaunganisha sehemu mbili. Ukiunganisha bila kujua, sheria, dini na majina vitagongana na wachezaji wataona.

Silaha ya bwana wa namna hiyo ni kalenda kabla hata ya meno. Mwaka 1767 Maria Theresa alipoweka kiwango kwa Hungaria, mkulima mwenye shamba kamili alidaiwa kumfanyia bwana kazi siku 52 kwa mwaka akija na wanyama wake wa kukokota, au siku 104 kwa mikono mitupu. Hiyo ilikuwa nafuu. Kwa hiyo mtu akifa kijijini kwako, deni la siku zake linamwangukia nani? Mjane mwenye viatu mkononi anadaiwa pia siku 60 zilizobaki. Weka daftari la msimamizi mezani, lenye majina ya marehemu ambao bado wanahesabiwa kuwa wafanyakazi. Wachezaji wakiuliza kwa nini bwana hataki makaburi yafunguliwe, jibu liko kwenye daftari hilo.

Kwa mfano wa mtu, achana na Vlad III, yule aliyeitwa Dracula. Alikuwa mtawala wa Wallachia (kusini mwa Romania ya leo), utawala wake mkubwa ni 1456 hadi 1462, na ngome ya Bran inayouzwa kwa jina lake haikuwa yake. Ilijengwa na Wasaksoni (walowezi wa Kijerumani) wa Brașov kwa kibali cha mwaka 1377. Mfano wa kutisha zaidi ni Elizabeth Báthory. Mwishoni mwa Desemba 1610, György Thurzó, mtawala mkuu wa Hungaria chini ya mfalme, alimkamata nyumbani kwake Čachtice, ambako leo ni Slovakia. Watumishi wake wanne walishtakiwa, watatu wakauawa Januari 1611. Yeye hakupandishwa kizimbani. Alifungiwa ngomeni hadi alipofariki Agosti 1614. Hayo ya kuoga damu hayamo kwenye ushahidi. Yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1729, zaidi ya karne moja baadaye. Chukua sehemu ya watumishi: mabwana hawahukumiwi, wanaochomwa ni waliotumwa. Kikao cha tano, wape wachezaji ushahidi kamili dhidi ya bwana na hakimu anayekubali kuwahukumu watumishi peke yao.

Sasa Vistani. Hao ni picha ya Waroma (wale walioitwa Gypsies kwa Kiingereza, msichanganye na Warumi) kama walivyoonwa na waandishi wa Kiingereza: wazururaji, wapiga ramli, wezi, watumishi wa mwenye ngome kwa hiari yao. Katika riwaya ya 1897 ndio wanaobeba sanduku lake, na mchezo wa 1983 ukairithi picha hiyo. Mwaka 2020 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, wenyewe walikiri kwamba picha hiyo ni ya kudhalilisha, wakabadilisha maandishi katika toleo lililorudiwa, na kitabu cha 2021 kikawaandika upya.

Ukweli wa kihistoria ni mzito kuliko hivyo. Wallachia na Moldavia, Waroma walikuwa watumwa. Hati ya mwaka 1385 inataja familia 40 zilizokuwa mali ya monasteri ya Tismana. Walimilikiwa na mtawala, na nyumba za watawa, na makabaila, wakauzwa na kugawanywa kama urithi, hadi 1855 Moldavia na 1856 Wallachia. Majina ya makundi yao ni majina ya kazi: Căldărari wafua masufuria, Lăutari wapiga muziki, Ursari waongoza dubu, Lingurari wachonga vijiko, Aurari wachekecha dhahabu mtoni. Anayewaandika kama watu huru wanaomtumikia bwana kwa kupenda anaigeuza historia kichwa chini.

Na rudi Medveđa. Ripoti ya Flückinger inasema waliokata vichwa vya wale "vampaya" na kuwachoma walikuwa Waroma wa hapo, na majivu yakatupwa mto Morava. Kijiji kinaogopa kugusa maiti, basi kazi inasukumiwa kwa asiyeweza kukataa. Huyo ndiye fundi wa chuma aliyetajwa juu. Mpe jina, mke, bei anayodai na sababu ya bei hiyo. Mfanye mtu aliyeona makaburi mengi yaliyofunguliwa kuliko daktari yeyote, kwa hiyo shahidi bora kuliko wote, ambaye hakuna ofisa aliyewahi kumwuliza. Usimpe uchawi wala karata. Karata za taroti zilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia karne ya 15, na kuagulia kwazo kulienea Ufaransa karne ya 18. Hazina asili kwa Waroma.

Ngome ukiitaka kwa kikao cha mwisho, tumia kanisa lenye kuta. Wasaksoni wa Transilvania walizungushia makanisa yao kuta, na yamebaki 150 hivi. La Prejmer lina ukuta wenye kimo cha mita 12, na ndani yake vyumba zaidi ya 270 vimepangwa kwa ghorofa, kila familia na chumba chake cha nafaka na cha kukimbilia wakati wa vita. Kijiji kizima usiku mmoja ndani ya ukuta mmoja, kila kaya nyuma ya mlango wake wa mbao, na mmoja wao si mzima. Ramani hiyo haihitaji kuongezwa kitu.

---

mtafsiri_wa_pwani

Kuhusu maneno.

Msimwite mumiani, ingawa ndilo neno la kwanza linalokuja mdomoni. Mumiani lilitoka kwa Waajemi likiwa jina la dawa nyeusi, na huku kwetu likaja kumaanisha dawa inayosemekana imetengenezwa kwa damu ya watu, kisha watu wenyewe wanaokamata wenzao kwa ajili hiyo. Mumiani ni mtu hai, ana mwajiri na ana gari. Enzi za ukoloni Nairobi na Kampala walisema wazimamoto, na Tanganyika kuna waliosema chinjachinja. Hiyo ni hofu ya serikali inayonyonya, haihusiani na marehemu anayerudi nyumbani. Ukimwita vampaya mumiani, wachezaji wataanza kutafuta gari na daktari, na kampeni itageuka nyingine (nzuri pia, ila si hii).

Popobawa naye mwacheni. Hofu ya Pemba na Unguja ya mwaka 1995 iliumiza watu ambao bado wapo, na mashambulizi yaliyosimuliwa yalikuwa ya kingono. Kitu kimoja tu nitakisema kwa sababu kinasaidia kuelewa Medveđa: huko nako watu walitoka ndani wakalala nje kwa makundi, moto katikati, wengine macho. Mchezaji anayejua hilo hatacheka akisikia familia zimehamia nyumba mbili tatu.

Pendekezo langu: ofisa na daktari waseme vampaya, neno la kigeni kwenye ripoti yao. Wanakijiji wasilitaje. Waseme "aliyerudi", au jina la marehemu kwa sauti ya chini. Tofauti hiyo peke yake itawaonyesha wachezaji nani yuko upande gani.

Mwenye ngome aitwe kabaila. Neno lipo, kila aliyesoma siasa shuleni analijua, na lina uzito sahihi wa mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Mwinyi na sultani vitawapeleka pwani. Zile siku 104 ziite shokoa, ndilo neno letu la kazi ya kulazimishwa. Kigingi ni kigingi, usiandike "mti wa kuchoma moyo". Na kwa wanaopenda majina: *strah* kwa Kiserbia ni hofu, kwa hiyo Strahd linasikika vizuri hata kwa jirani halisi wa Barovia, wakati "von" ni Kijerumani na "-ovich" ni Kislavoni. Mchanganyiko huo si kosa kwa eneo la mpakani. Mpe ofisa jina la Kijerumani, mkulima la Kiserbia, kabaila la Kihungaria, na usizidishe lugha tatu.

---

kaburi_la_pili

Nilisahau ukungu. Ravenloft hufungia wachezaji ndani kwa Ukungu usiovukika. Mpaka wa Habsburg ulikuwa na kitu halisi kinachofanya kazi hiyohiyo: ukanda wa karantini dhidi ya tauni, wenye vituo vya walinzi wanaoonana. Anayevuka kutoka upande wa Waturuki alifungiwa siku 21 wakati wa kawaida, 42 kukiwa na wasiwasi, 84 tauni ikithibitishwa. Barua zilitobolewa na kufukizwa moshi kabla ya kupita.

Tumia hivi: Hofu ikifika 4, uvumi unafika kituoni na siku zinapanda hadi 42. Wachezaji hawazuiwi na uchawi. Wanaruhusiwa kutoka, ila watakaa kambini hadi arobaini ipite, na wanajua kijijini kutatokea nini wakiwa huko. Barua yao ya kuomba idhini inarudi na matundu na harufu ya moshi. Itengeneze kweli, ipitishe mikononi mwao.

---

mwendesha_meza

Hii ya barua naifanya. La mwisho: jua, kitunguu saumu, kioo na maji matakatifu, nibakize vipi? Wachezaji wanajua kanuni za mchezo, na kwenye kanuni jua linaua.

---

bi_makaburi

Jua litoe. Kufa kwa jua kulianza na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Hata yule wa Stoker anatembea mchana London. Kwenye imani za vijijini, mchana ni wakati ambao yuko kaburini tu. Waambie wachezaji kabla ya kikao cha kwanza kwamba kurasa za vampaya kwenye kitabu cha kanuni hazitumiki hapa. Usiwaache wagundue katikati ya pambano, hapo wataona umewadanganya.

Kioo nacho kitoe, ni cha Stoker. Kitunguu saumu kibakize: kwa Waromania hupakwa milangoni na madirishani usiku wa Mtakatifu Andrea, kuamkia tarehe 30 Novemba, ambao ni usiku wa strigoi, yaani wafu wanaorudi. Lakini kifanye kinga ya nyumba, kisiwe silaha ya kurusha. Nyumba iliyopakwa haiingiliki kwa usiku mmoja, na kijiji kina mafungu 30 tu kwa kaya 40. Gawanyo hilo ni kikao kizima.

Kigingi kiwe cha glog, mti mdogo wenye miiba ambao Waserbia wanauamini kwa kazi hii. Mti mwingine unafanya maiti itoe sauti tu.

Kitu kimoja usikiache: Jumamosi. Katika imani za Balkani ndiyo siku ambayo aliyerudi hawezi kutoka kaburini, na aliyezaliwa Jumamosi ana uwezo wa kumwona. Kwa hiyo kufukua kwa uhakika ni Jumamosi peke yake. Kati ya siku ya 9 na ya 40 zipo Jumamosi nne, au tano siku ya 9 ikiangukia Jumatano hadi Jumamosi. Waulize wachezaji siku za kuzaliwa za wahusika wao mapema, kikao cha kwanza, katikati ya maswali mengine ya kawaida, na usiwaambie kwa nini. Yule wa Jumamosi mpe karatasi kikao cha tatu: kwenye mazishi ameona watu 13 wakibeba jeneza, wengine wote wamehesabu 12.